SOMO: Kuishi kwa muda kwenye boti kuukuu ya tanga, Mombasa

Naandika hapa mara moja, ili atakayenitumia tena ujumbe wa "kaka, hiyo boti unakaa bure?" nimwelekeze huku. Si bure. Mwenyewe yuko Ulaya, mimi naikalia, nailinda na kuifua maji, na kwa kazi hiyo hanidai kodi. Ukishindwa kuamka usiku wa manane kuangalia nanga, panga chumba Bamburi.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Mombasa kwa kazi ya muda ya ufundi wa vyombo. Boti ni ya faiba, futi 32, ya zamani, ina mlingoti mmoja na mkuku (uti wa chini wa boti) unaoshuka mita 1.7 chini ya maji. Kumbukeni hiyo mita 1.7, itarudi. Imetia nanga hori (mkono wa bahari) ya Mtwapa, upande wa Shimo la Tewa. Ukivuka daraja ushaingia kaunti ya Kilifi.

1. Karatasi. Ukitoka Tanzania unagongewa muhuri mpakani Horohoro kama abiria mwingine yeyote. Kulala majini hakukuongezei siku. Kibali cha kazi ni habari nyingine. Kama boti yenyewe imetoka nje ya nchi, kwanza bandari ya Kilindini: forodha, uhamiaji, afya ya bandari.

2. Andikianeni na mwenye boti. Nani anamlipa fundi, nani analipia nafasi, nani ana ruhusa ya kuihamisha.

3. Jitambulishe kwa wavuvi kabla hujatupa nanga. Wao ndio wanaojua nyavu zinapita wapi na mwamba uko wapi. Na siku boti itakapoburura nanga wewe uko Kongowea unanunua nyanya, watakaoiona ni wao.

4. Nanga. Hapa tulieni.

Kosa la wageni wote ni kupima maji waliyoyakuta. Unafika siku ya maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo), kamba ya kipimo inasoma mita 3, unaona mkuku una nafasi tele, unalala. Wiki moja baadaye ni bamvua. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo pale palipokuwa na mita 3, yakikupwa panaweza kubaki maji yasiyofika ile mita 1.7 ya mkuku. Mimi yalinifika: saa nne asubuhi boti imepwelewa, imelala ubavu, mafuta ya kula yamemwagika hadi ngamani (chini kabisa ndani ya boti). Na hatari yenyewe haiko kwenye kulala. Iko pale maji yanaporudi. Boti iliyolala ubavu inaweza kuingiwa na maji kupitia makabati ya nje kabla haijanyanyuka. Funga kila mfuniko na kila dirisha la upande ulioinama, kisha ubaki hapo hapo mpaka isimame.

Hesabu ya urefu wa mnyororo au kamba ya nanga ni hii. Chukua kina wakati maji yamekupwa, tuseme mita 4. Ongeza mita 4 za kupanda (najipa nafasi). Ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo (mbele ya boti). Jumla 9. Kama ni mnyororo mtupu, zidisha kwa 5: mita 45. Kama sehemu kubwa ni kamba, zidisha kwa 7: mita 63. Usinipigie kuuliza kama 20 zinatosha.

Onyo: maji yakipwa, mnyororo ule ule unaizungusha boti duara kubwa zaidi. Mtazame jirani yako wakati huo, si wakati maji yamejaa.

Onyo la pili: ndani ya hori boti hufuata mkondo kuliko upepo. Mkondo ukigeuka, nanga inavutwa kinyume na inaweza kung'oka. Chagua alama mbili nchi kavu zilizopangana, mimi nina mnazi na nguzo nyuma yake. Kaa uangalie mkondo unapogeuka mara ya kwanza. Vikiachana visirudi kupangana, unaburura.

5. Koki za chini. Kila tundu lililo chini ya maji (choo, sinki, kupozea injini) lina koki. Ukitoka, zifunge. Kando ya kila koki funga kizibo cha mbao laini kwa kamba, kisiwe kabatini.

6. Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani inaweza kutoka mlangoni, ndani ya boti huzama ngamani na kungoja cheche. Mtungi ukae nje juu ya sitaha, na ukimaliza kupika funga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu.

7. Umeme. Sola na betri. Betri ya asidi ya volti 12 ikishuka hadi 12.2 ikiwa imetulia, umeshakula karibu nusu. Acha kuchaji simu za marafiki.

8. Kihori cha kuvukia. Gatini kifunge kwa kamba ndefu. Ukikifunga kwa kamba fupi maji yamejaa, utakikuta kinaning'inia.

MASWALI

Chaurembo: Na mimi nitapata wapi boti ya bure kama hiyo?

Soma aya ya kwanza.

kijana_wa_Likoni: Kupunguza gharama, naweza kupikia jiko la makaa ndani?

Hapana. Hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu.

kijana_wa_Likoni: Hata nikifungua dirisha?

Hata ukifungua dirisha.

binti_Kizingo: Ahsante kwa somo. Umesema ulipwelewa saa nne asubuhi. Nyumbani nasikia wazee wakisema bamvua maji hukupwa asubuhi. Ni bahati tu au kuna sababu?

Swali zuri, dada, na wazee wamesema kweli. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vikivuta kwa pamoja, na maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baadaye. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mbili saa zinarudi zilipokuwa. Ndiyo maana Mombasa siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, umeshajua nusu ya jedwali la maji.

Fundi_Mkomani: Koki yangu ya choo haigeuki. Nimeigonga nyundo kidogo lakini bado.

Boti ikiwa majini? Acha nyundo. Koki kuukuu za shaba njano hupoteza zinki kwa maji ya chumvi, zinabaki kama nzima lakini zinamegeka. Ikwaruze kwa kisu: ikitoa rangi ya pinki, imekwisha. Ngoja boti ipandishwe nchi kavu uibadilishe.

Fundi_Mkomani: Nimeuliza tu, usinifokee.

Sikufokei. Weka kizibo karibu leo hii.

binti_Kizingo: Nyingine kaka: ukikuta maji ngamani, utajuaje yametoka wapi?

Onja kwa ncha ya ulimi. Ya chumvi yametoka chini: koki, bomba au mhimili wa rafadha (pangaboi). Yasiyo na chumvi ni mvua au tangi lako. Kama yana mafuta, usionje, nusa.

Nahodha_mstaafu: Mahesabu mengi kijana. Sisi kwenye jahazi tunatupa nanga, chombo kikipwelewa tunapika chai.

Shikamoo mzee. Jahazi lako lina tumbo pana, likipwelewa hukaa, mkiliegemeza kwa magogo halitikisiki. Hii inakaa juu ya mkuku mwembamba, lazima iangukie ubavu mmoja. Ningekuwa na jahazi nami ningepika chai.

Nahodha_mstaafu: Marahaba. Basi hapo una haki. Mbu je? Hapo pana mikoko.

Wengi, hasa upepo ukilala saa za magharibi. Nimekata chandarua na kukifunga juu ya mlango wa sitaha. Na muziki wa Mtwapa hauna chandarua.

Nahodha_mstaafu: Shuka zako usizifue kwa maji ya bahari hata ukiishiwa. Chumvi inavuta unyevu, hazitakauka mpaka kaskazi. Vyombo sawa, osha kwa bahari, suuza kwa maji ya mtungi.

Nimechelewa kuambiwa, mzee. Ninazo mbili kwenye kamba tangu Ijumaa.