Methani ya ng'ombe wa maziwa: namna ya kuendesha jaribio la lishe kikundini

Sijawahi kumwona mfugaji akibadili chakula cha ng'ombe kwa sababu ya methani. Kwa sababu ya maziwa nimewaona wengi, hapa Lushoto na kwingineko. Kwa hiyo kikao cha kwanza mimi huzungumzia ndoo.

Methani ni gesi inayotengenezwa na vijidudu vilivyomo kwenye tumbo kubwa la ng'ombe, na sehemu kubwa hutokea mdomoni anapobeua, si nyuma kama utani wa vijiweni unavyodai. Kilo kwa kilo, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kabonidayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100. Kwa mfugaji, ni chakula kilichopotea: karibu asilimia 6 ya nishati ya lishe huondoka hivyo, na kwa mabua makavu hasara huongezeka.

Hatua ya 1: Swali litoke kwa wafugaji. Usiende na jibu mfukoni. Kwetu mama mmoja aliuliza kama kaliandra, mti wa malisho aliopanda kwenye matuta kuzuia mmomonyoko, inaweza kuongeza maziwa wakati wa kiangazi, mashudu yanapopanda bei. Swali zuri, maana mti tayari anao. Majaribio ya Embu, Kenya, yalionesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Tena majani hayo yana tanini, kemikali ya asili yenye ukakasi, ambayo huwabana vijidudu wanaotengeneza methani.

Hatua ya 2: Chagua ng'ombe watatu hadi watano. Wawe wamezaa miezi miwili hadi mitano iliyopita, wazima, kupe na minyoo vimeshashughulikiwa. Anayekaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa, mwache.

Hatua ya 3: Pima siku 14 kwa chakula cha kawaida. Chombo kimoja, mkamuaji mmoja, saa zilezile. Jaribio letu la kwanza liliharibikia hapa. Asubuhi mke alipima kwa jagi, jioni kijana akapima kwa kopo la mafuta, na katikati ndama alikuwa ananyonya. Tulipata daftari lililojaa tarakimu, lakini hakuna aliyeweza kusema ng'ombe ametoa nini.

Hatua ya 4: Badili kitu kimoja tu, kisha kirudishe. Ongeza kaliandra kwenye matembo (majani ya tembo) kwa siku 21. Anza na kilo 2 mbichi kwa siku, panda taratibu hadi 6, na isizidi theluthi moja ya chakula chote. Mpe mbichi, kwani ikikauka haimeng'enywi vizuri. Wiki ya kwanza usiihesabu, tumbo bado linazoea. Baada ya hapo rudi kwenye chakula cha zamani siku 14.

Watu hulalamika: kwa nini turudi nyuma wakati maziwa yamepanda? Kwa sababu maziwa hupanda na kushuka pia kwa mvua, kwa joto, kwa muda uliopita tangu ng'ombe azae. Yakipanda kaliandra ilipoingia na kushuka ilipotoka, kwa ng'ombe zaidi ya mmoja, hapo una hoja.

Hatua ya 5: Hesabu kwa lita. Kupima methani yenyewe ni kazi ya maabara. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo kule Nairobi, huingiza ng'ombe kwenye chumba kilichofungwa na kupima hewa inayotoka. Sisi tunakadiria. Chukua mfano wa darasani tu: ng'ombe anayetoa gramu 200 za methani kwa siku na lita 5 za maziwa ana gramu 40 kwa kila lita. Akila vizuri zaidi akatoa gramu 220 na lita 8, inashuka hadi 27.5.

Umeona kitu? Jumla imepanda. Hapa maafisa ugani wengi hujificha, na mimi nilijificha miaka kadhaa. Waambie watu ukweli: jumla ya kijiji itashuka tu kama maziwa yaleyale yatatoka kwa ng'ombe wachache. Kwa hiyo kwenye daftari ongeza safu ya tarehe ya kuzaa. Ng'ombe aliyekaa miaka miwili bila kuzaa anakula na kubeua kila siku bila hata kikombe cha chai. Kumuuza huyo kunaweza kupunguza methani kuliko kaliandra yote ya mlimani, ingawa mwenye ng'ombe hatapenda kusikia.

Hatua ya 6: Matokeo yasomwe bandani. Aliyefanya jaribio ndiye azungumze, wewe kaa nyuma. Atakayeulizwa miche ajue hesabu: ng'ombe mmoja huhitaji takriban miti 500 kumlisha mwaka mzima. Panda mwanzo wa masika, na usikate kabla ya miezi 9.

Wakati miche inakua, kikundi chetu kimeshapata swali jingine: marando ya viazi vitamu.