Kabla hujapeleka sampuli sinkrotroni

Wadau wa mawe huku Mbeya, kama una unga wa mawe ya Panda Hill (kilima chenye madini ya niobiamu) na umeshaambiwa "tafuta sinkrotroni" (mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana), tulia kwanza, upitishe kwenye mashine ya eksirei ya kawaida ya maabara, ile inayotambua madini kwa mpangilio wa fuwele zake, mana kama unachouliza ni hii kalsaiti au dolomaiti jibu utalipata hapohapo Bongo. Sinkrotroni ni pale pairoklori yenyewe (madini yanayobeba niobiamu) ni kiduchu, imefunikwa na kalsaiti, au unataka kuona fuwele zinavyobadilika ukiwa unazichoma.

Afrika bado hatuna hata moja, kwa hiyo utaangalia sinkrotroni za nje, SESAME kule Jordan iliyofunguliwa 2017 au ESRF ya Grenoble, Ufaransa. Unaandika ombi, unasubiri miezi, na ukikubaliwa muda wenyewe unahesabiwa kwa shifti, so ukifika pale ndo unaanza kusaga umeumia.

Kusaga ndo kila kitu aisee. Mikroni chache, sio unga wa dona. Miale ya kule ni myembamba na imenyooka sana, punje zikiwa kubwa kwenye picha ya kipimo unapata madoadoa badala ya duara lililotulia, na hapo vipimo vya ukali wa mistari havina maana tena. Saga na ethanoli taratibu, ukitwanga kwa hasira unaharibu fuwele zenyewe. Unaingiza kwenye kapilari (mrija mwembamba) ya kioo, chini ya milimita moja, inazungushwa wakati wa kupima. Wale wa udongo mweupe wa Malangali mtilie mkazo hapo kwenye kuzungusha, punje zake ni vibamba na vinapenda kulala upande mmoja.

Enaji nayo uichague mapema. Niobiamu ikipigwa na miale ya zaidi ya kama keV 19 (keV ni kipimo cha enaji ya miale) inaanza kutoa eksirei zake yenyewe na grafu yako inajaa kelele, bora ukae chini kidogo ya hapo, ongea na mtaalamu wa laini ya miale utakayopimia kule sinkrotroni kabla ya safari.

Halafu pairoklori huwa na urani na thori, usifiche! Andika kwenye fomu ya usalama, na vibali uulizie Tume ya Madini na Tume ya Nguvu za Atomiki mapema, sio begi lishafika Songwe airport.

Ukianza kupima, tanguliza LaB6, unga wa kiwango wa kusawazishia mashine. GSAS-II, programu ya kuchambua data, ni ya bure, ifanyie mazoezi nyumbani na data za maabara, na beba hadi disk mbili za kuhifadhia data.