Kutuma zawadi nje kutoka Mwanza bila kumtia rafiki yako hasara

Mi nilianza na namba 64,000. Niliandika hivyo hivyo kwenye fomu pale dirishani posta, sikuweka TZS wala shilingi, nikalipa nikapanda daladala nikarudi zangu Igoma roho nyeupe. Boksi lilikuwa la shoga yangu tuliyesoma wote, ameolewa Ujerumani, ndani kuna khanga doti mbili, kikapu kidogo cha ukindu na kahawa ya Bukoba. Kwenye maelezo nikaandika vitu vya kitamaduni, nikaona nimeandika cha maana kweli.

Kama wiki tatu hivi zikapita ikaja voice WhatsApp, "we, umenitumia nini, mbona forodha wananiita?" Kumbe kule mzigo usioeleweka unaweza ukabaki ofisi ya forodha, mwenyewe anapata barua aende akaufungue mbele ya ofisa na aonyeshe thamani yake. 64,000 ya nini, vitu vya kitamaduni ndo nini, risiti iko wapi. Aliomba ruhusa kazini akaenda. Risiti hakuna, maana khanga nilinunua Makoroboi kwa mama mmoja anayetandika chini, na niliporudi kumwomba aniandikie hata karatasi aliniangalia kama nimetumwa na TRA, wale wa kodi.

Sasa kitu cha kwanza kabisa ujue, ukiandika kuwa ni zawadi haimaanishi haitozwi. Kila nchi ina kiwango chake, chini ya hapo inapita, juu ya hapo anayepokea ndo analipa, siyo wewe. Ndo maana uchungu wake unachelewa kukufikia, we umeshasahau yeye anadaiwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zawadi ya mtu kwa mtu inapita bure mpaka yuro 45. Uingereza ni pauni 39, ikizidi kuna VAT yao ya asilimia 20 kwa vitu vingi, na ushuru wa forodha unaingia ikivuka pauni 135. Canada dola zao 60. Marekani zawadi mwisho dola 100, na hapo naomba utulie kidogo maana watu wengi bado wanakwambia dola 800, ule msamaha wa 800 ulisimamishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha vifurushi vya Marekani kwa muda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mzigo wa Marekani kabla hujanunua hata boksi, pita dirishani uulize njia iko wazi na wanapokea nini.

Kahawa nayo ina mambo yake. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukifikiria zawadi tunafikiria kahawa ya Kagera, si ndio, sasa Ujerumani wana kodi ya kahawa peke yake, nje ya VAT na nje ya ushuru, yuro 2.19 kwa kilo ya iliyokaangwa na 4.78 kwa ile ya kukoroga kwenye maji moto ikayeyuka. Kwenye zawadi wanakuruhusu gramu 500 za kahawa ya kukaanga, au gramu 200 za hiyo ya unga inayoyeyuka. Mi niliweka paketi tatu za robo kilo, yaani nilipita kwa paketi moja tu na hiyo moja ndo ilituponza. Siku hizi naweka mbili, ya tatu nakunywa mwenyewe.

Tuje kwenye fomu. Kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 kinabandikwa CN22, ile fomu fupi ya forodha. Kikizidi hapo, au kikiwa na thamani kubwa, unajaza CN23 ambayo ni ndefu na ina sehemu ya simu na imeili ya anayepokea, jaza zote mbili maana wakikwama huko wanamtafuta kwa hizo. Ukishajaza, karani anaingiza kwenye kompyuta na taarifa inatangulia kabla ya mzigo, hii ni sheria ya Umoja wa Posta Duniani tangu 2021, kwa hiyo mwandiko wa kuku hapa unakuumiza kweli. Mimi naandika kwenye karatasi nyumbani kwanza, naenda kunakili.

Kwenye maelezo mfikirie ofisa ambaye hajawahi kuona khanga maishani mwake. Ukimwandikia khanga anabaki anakodoa macho. Mwandikie kwa Kiingereza cha kawaida kwamba ni vitambaa vinne vya pamba vyenye maua, vya mwanamke kujifunga, vipya, kila kimoja thamani hii. Kikapu mwandikie kimesukwa kwa majani makavu. Kahawa andika imekaangwa, gramu ngapi. Kila kitu mstari wake, uzito wake, bei yake, halafu TZS mbele ya namba, TZS jamani. Wakitaka namba ya HS, ile ya tarakimu sita ambayo forodha wanatambulia aina ya bidhaa, kahawa iliyokaangwa ambayo haijatolewa kafeini ni 0901.21, vitu vya kusuka kama vikapu viko kwenye 4602. Halafu tia tiki kwenye kiboksi cha gift.

Bei andika ya kweli. Najua kuna mtu atakwambia andika buku mbili ipite. Ofisa anaona kikapu kizima na khanga mpya halafu karatasi inasema elfu mbili, si unamwambia mwenyewe afungue? Tena mzigo ukipotea fidia inaangalia ulichoandika, sasa utadai elfu mbili. Dukani omba risiti ya EFD, ile ya mashine, kwa machinga mwombe akuandikie kwenye kidaftari, tarehe na bei, piga picha mtumie rafiki yako kabla hata mzigo haujaondoka. Akiitwa anayo kwenye simu.

Kama unatuma kwa familia nzima kuna njia halali kabisa ya kupumua. Uingereza na Marekani wanahesabu kiwango kwa kila mtu, siyo kwa boksi, ila mpaka ufunge ya kila mtu peke yake, uandike jina juu yake, na kwenye fomu utenganishe hii ya mama bei hii, hii ya mtoto bei hii. Ukivitumbukiza vyote kwenye rambo moja ni zawadi moja hiyo, imeshavuka.

Vya kutoweka. Nyama kavu na maziwa sahau, Ulaya na Uingereza havipiti, Marekani nyama nyingi wanazuia. Powerbank, pafyumu, rangi ya kucha, hivyo shida yake ni ndege, siyo ushuru. Vitu vya wanyamapori, kucha, manyoya, magamba, usijaribu bila kibali hata kama umeuziwa kama urembo. Madini pia, hata kajiwe kadogo toka Geita. Australia kwenye pesa ni wakarimu mno, kiwango chao dola zao 1,000, lakini wanachoogopa ni mdudu tu! Ka-ngoma ka Kisukuma kama zile za makumbusho ya Bujora, chenye ngozi mbichi na mti usiotibiwa, wanaweza wakakizuia, wakakitibu kwa gharama ya mwenyewe au wakakiharibu. Shanga za mbegu hivyo hivyo. Na dagaa wa Kirumba, sikiliza, hata ukikuta nchi inayoruhusu, zile khanga zitakazokaa nao boksi moja wiki tatu nani atazivaa?

Siku ya kwenda beba kitambulisho, na boksi usilifunge, nenda nalo wazi na selotepu yako mkononi, watataka kuona ndani halafu ndo ufunge pale pale. Mi nililifunga nyumbani kwa mbwembwe na utepe juu, nikalichana mwenyewe mbele ya foleni.

Utapewa namba, herufi mbili, tarakimu tisa, mwisho TZ. Ikianza na R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Mtumie rafiki namba hiyo, maana mzigo ukishafika kwao ukaandikwa uko forodha, karani wa Mwanza hana la kufanya hata umpigie mara kumi, anayeweza kusukuma ni aliyeko kule. Kampuni za kusafirisha haraka zinafika mapema ndio, ila mara nyingi zinamlipia ushuru kwanza halafu zinamdai pamoja na ada yao, kwa hiyo muulize kabla kama yuko tayari, usimshtukize eti sapraizi.

Na yeye akitaka kurudisha fadhila, huku kwetu kuna ushuru wa Afrika Mashariki wa 0, 10, 25 au 35 kwa mia kutegemea kitu, na VAT 18 juu yake, kwa hiyo mwambie naye aorodheshe vizuri na aweke risiti ndani. Anwani mpe ya sanduku la posta lenye jina la mwenye sanduku, siyo "nyuma ya msikiti Mabatini", na namba ya simu iwe ya laini unayotumia, siyo ile uliyopoteza mwaka juzi kwenye kivuko cha Kamanga.