Somo: Kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, Mbeya hadi Dar

Wadau, swali hili halikauki humu: Mbeya hadi Dar kwa ndege ni kilomita ngapi? Mmoja anajibu 830, mwingine 690, wanaanza kubishana. Wote wako sawa, ila kila mmoja anapima njia yake. Hizo 690 ni za angani, moja kwa moja. Hizo 830 ni za lami, kupitia Makambako, Iringa na Morogoro. Ndege haipandi mlima Kitonga.

Hatua ya 1. Chukua latitudo na longitudo za viwanja, si za miji. Songwe, uwanja wa Mbeya: 8.9 kusini, 33.3 mashariki. Julius Nyerere, Dar: 6.9 kusini, 39.2 mashariki.

Hatua ya 2. Toa. Kusini-kaskazini unapata digrii 2.0, mashariki-magharibi 5.9. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo una 222 na 655. Hiyo ya pili izidishe kwa 0.99 (kosaini ya latitudo ya katikati), inabaki 648. Sasa tumia Pythagoras (kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili): 685. Ukiweka desimali zaidi utafika 690. Kwa Dar hadi London usifanye hivi. Huko mviringo wa dunia unakuumbua.

Hatua ya 3. Gawa kwa mwendo. Bombardier Q400, ile ya mapanga, ikishakaa sawa angani huenda kama kilomita 620 kwa saa: dakika 67. Jeti ya kilomita 800 kwa saa: dakika 52. Ongeza dakika 15 hadi 20 za kutambaa uwanjani, kupanda na kujipanga kutua. Baadhi ya mitandao ya kukokotoa umbali haihesabu dakika hizi, ndiyo maana inakupa muda mfupi kuliko wa kwenye tiketi.

Hatua ya 4. Hii ndiyo inayowaachisha watu ndege. Tangu 2012 ndege zinatua Songwe, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Tunduma. Mtu wa Uyole, mashariki ya jiji, anaanza safari ya Dar kwa kuelekea Zambia! Akatize jiji zima, kisha akutane na malori Mbalizi. Weka saa moja na nusu ya barabarani, fika uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuruka. Ukijumlisha na foleni ya Dar, safari ya saa moja na nusu imekula saa tano au sita. Bado unalishinda basi kwa mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, tiketi yangu imeandikwa 06:40. Niende usiku?*
Hapana ndugu yangu, hiyo ni saa 12:40 asubuhi. Ikiandikwa 13:00 ni saa saba mchana. Ila kwa hiyo ya 06:40, saa tisa usiku uwe umeshaamka na usafiri umeuweka tangu jana yake.

*Nipo Makambako. Nije Songwe?*
Unarudi nyuma kama kilomita 170 hadi Mbeya mjini, na Songwe bado iko mbele. Kama huna shughuli Mbeya, panda basi la Dar hapohapo ulipo.

*Na Mbeya hadi Mwanza, dada?*
Longitudo zake karibu zinalingana, hivyo ni kupanda kaskazini tu: digrii 6.5 mara 111, kama kilomita 720. Ukipitia Dar ni 690 na nyingine kama 850, jumla 1,540. Zaidi ya mara mbili, na hapo hujahesabu muda wa kusubiri kuunganisha. Angalia nafasi kati ya ndege mbili kabla hujalipia. Chini ya saa mbili mimi sichukui.