SOMO: Kupe na viroboto kwa mbwa na paka, kuanzia bandani hadi masikioni

Mvua za masika zikikolea, lawama huwa ile ile: "Nimemuogesha mbwa juzi, leo kupe wamerudi." Ukweli ni kwamba hawakuondoka. Uliowaona mgongoni ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Wengine wamejaa kwenye nyufa za banda, chini ya jamvi na kwenye mishono ya makochi, wakingoja zamu yao. Kwa hiyo mnyama na makazi yake vitibiwe siku moja. Ukifanya kimoja ukaacha kingine, umepoteza hela na mnyama anaendelea kuteseka.

Kupe anayesumbua mbwa wa mjini ni yule wa kahawia, kitaalamu Rhipicephalus sanguineus. Huyu hahitaji malisho kama kupe wa ng'ombe. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya uzio wako. Jike akishiba damu anajidondosha, anapanda ukuta, anaingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Wadogo wakianguliwa wanamtafuta mbwa, wanashiba, wanadondoka, wanajivua gamba mafichoni, kisha wanamrudia. Wakimkosa, wanaweza kukaa na njaa miezi mingi.

Kiroboto naye, jike mmoja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayo hayagandi kwenye manyoya. Paka anapolala ndipo yanapomwagika. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar, Tanga au Mombasa, wiki 3 hivi zinatosha kutoka yai hadi kiroboto kamili. Tena akiwa ndani ya kifuko chake anaweza kutulia hadi ahisi mtikisiko wa nyayo au joto la mwili. Ndiyo sababu unafungua nyumba iliyofungwa muda mrefu, mara miguu inawaka.

Hatua ya 1: Kagua kwa mikono

Kupe kwa mbwa: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, shingoni chini ya mkanda na chini ya mkia. Pitisha vidole kinyume na manyoya. Jike aliyeshiba ni wa kijivu na amevimba kama punje ya nyonyo, huyo humkosi. Wanaopita bila kuonekana ni wale wadogo wa kahawia waliojibana katikati ya vidole, kwa hiyo panua kila kidole, usiharakishe.

Kwa viroboto, tandika kitambaa cheupe, mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu, hasa kiunoni karibu na mkia. Vikidondoka vichembe vyeusi kama vumbi la mkaa, vidondoshee maji kidogo. Vikiyeyuka na kuacha wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kusagwa. Hata kama hujaona kiroboto hata mmoja, wapo.

Hatua ya 2: Ng'oa kupe kwa kibano

Mkamate karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja bila kuzungusha. Mtumbukize kwenye spiriti, kisha safisha alama yake. Usimpasue kwa kucha. Mafuta ya taa na kiberiti acha kabisa: unamuunguza mbwa, na kupe akichokozwa anaweza kutema mate yenye vimelea ndani ya kidonda.

Hatua ya 3: Dawa, na hapa naomba usome polepole

Pima uzito kwanza. Panda mzani peke yako, halafu panda ukiwa umembeba, toa tofauti. Dawa hutolewa kwa kilo; macho hayapimi kilo.

Kwa mbwa kuna vidonge vya kutafuna (vingine hufanya kazi mwezi mmoja, vingine hadi wiki 12), dawa ya kudondoshea mgongoni, kola na dawa ya kuogeshea. Mbwa mwenye historia ya kifafa, mwambie daktari wa mifugo kabla ya kumpa kidonge chochote cha aina hiyo.

Paka si mbwa mdogo. Narudia kwa sababu nimechoka kuona paka wakifa kwa jambo linaloepukika: usimpake paka dawa ya mbwa, hata tone moja. Dawa nyingi za mbwa zina permethrin. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama la mbwa linavyoweza. Ataanza kutetemeka masikio na miguu, kisha degedege, kisha kifo. Soma pakiti hadi mwisho, tafuta neno hilo, na usinunue dawa iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo. Kama mbwa wako amepakwa dawa yenye permethrin, paka asilale naye wala kumlamba hadi muda ulioandikwa kwenye pakiti upite. Ikitokea bahati mbaya, muogeshe paka mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunike asipate baridi, na umkimbize kwa daktari.

Hatua ya 4: Siku hiyo hiyo, banda na nyumba

Magunia na matambara ya bandani choma. Mashuka na mito anayolalia paka fua kwa maji ya moto, anika juani. Ndani, fagia chini ya makochi na vitanda, kwenye kona na kando ya kuta. Takataka usiziache kwenye ndoo jikoni, zitoe nje. Bandani, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, pulizia dawa ya wadudu kwa vipimo vya lebo, na pakikauka ziba nyufa kwa saruji. Usisahau juu: kupe hupanda hadi kwenye mbao za paa. Wakati wa kupulizia, wanyama na watoto wawe mbali, wasirudi hadi pakauke kabisa. Rudia baada ya wiki 2, kwa sababu mayai na vifuko havikufa vyote.

Wengi wetu mbwa analala nje na paka ndani, kwa hiyo tunaona ni vita mbili tofauti. Kiroboto hajui hivyo. Kiroboto wa paka ndiye huyo huyo anayejaa kwa mbwa, na paka anapita bandani kila usiku.

Hatua ya 5: Zoea kuangalia fizi

Inua mdomo wa juu kila wiki. Fizi nzuri ni za waridi. Ukibonyeza kwa kidole zinapauka, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe au za njano, mkojo wa rangi ya chai nzito, kukataa chakula, homa: hizo ni dalili za magonjwa ya kupe. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, kwa hiyo usimlinganishe na lako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo daktari. Nina kitoto cha paka cha wiki 5, viroboto wamemjaa hadi usoni. Nimpake nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimpake dawa yoyote kwa sasa, umri haujaruhusu nyingi ya hizo. Mkoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, anza na shingo ili viroboto wasikimbilie kichwani, mkaushe vizuri, kisha mchane kwa kitana kila siku. Mama yake ndiye atibiwe, kwa dawa ambayo daktari amethibitisha inafaa kwa paka anayenyonyesha. Angalia fizi leo: viroboto wengi humaliza damu ya kitoto hadi kikafa. Zikiwa nyeupe, usingoje kesho.

Swali: Mkuu, jirani anaogeshea mbwa wake dawa ya ng'ombe, na wenye upele anawapaka oili chafu. Mbona mbwa hao wapo tu, hawafi?

Jibu: Wapo waliobaki, wale waliokufa huwaoni. Dawa ya josho ni kali, na mbwa huilamba. Kuna zenye kiambato kiitwacho amitraz ambazo hutumika kwa mbwa pia, ila kwa kipimo alichotoa daktari, na kwa paka usiziguse. Oili chafu ni sumu ngozini na tumboni. Upele apelekwe akachunguzwe, unatibika.

Swali: Nimempa kidonge, siku ya pili bado naona kupe. Nimeuziwa feki?

Jibu: Si lazima. Kidonge kinafanya kazi kupitia damu, kwa hiyo kupe sharti aume kwanza, ndipo afe, mara nyingi ndani ya siku 2. Wapya watokao bandani wataendelea kupanda kwa muda. Rudi Hatua ya 4. Wakiwa bado hai na wamevimba baada ya wiki, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na kama uzito uliukadiria tu.

Swali: Viroboto wa paka wana madhara kwa watoto wangu?

Jibu: Wanauma, hasa chini ya magoti, na mtoto akikuna hupata vidonda. Pia mtoto anayecheza na paka akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkia wa paka, mpe dawa ya tegu pamoja na ya viroboto, la sivyo tegu watarudi.

Swali: Niko Mombasa. Mbwa wangu ametokwa damu puani tangu asubuhi, amelala tu, ugali hataki. Alikuwa na kupe wengi mwezi uliopita. Nimpe Panadol?

Jibu: Hapana, usimpe Panadol wala dawa nyingine ya binadamu. Damu puani baada ya kupe inaweza kuwa dalili ya ehrlichia, ugonjwa wa kupe unaoharibu chembe za kugandisha damu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, uombe apimwe damu. Njiani asivutwe kwa kamba wala kukimbizwa, mbebe. Niandikie haraka: fizi zina rangi gani, na ana kilo ngapi?