Somo: Kadi ya jikoni isiyoandikwa upya kila wiki

Nilikuwa karani wa stoo kwenye magodauni ya Shimanzi, Mombasa, kwa miaka mingi, na mali ya watu haikuwahi kunipotea. Nyumbani kwangu Kisauni mambo yalikuwa mengine. Jumamosi moja nilirudi kutoka soko la Kongowea na chupa ya siki. Mke wangu akafungua kabati, akanionyesha chupa mbili ambazo hazijaguswa, kisha akaniuliza chumvi iko wapi. Chumvi sikuleta. Mchana ule tulipikia chumvi ya kuomba kwa jirani.

Ndipo nikajiuliza: mbona kule godauni sikuwahi kukaa Ijumaa usiku nikikuna kichwa, "tumeishiwa nini?" Kwa sababu kule kila bidhaa ilikuwa na kadi yake, imeandikwa mara moja: jina, kipimo, na kiwango ambacho ikishuka hapo unaagiza. Karani hakumbuki, anasoma. Jikoni tunategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu mwenye njaa huandika biskuti.

Basi somo la leo ni kutengeneza kadi moja yenye kila kitu kinachotumika nyumbani kwako. Unaiandika mara moja tu. Wiki kwa wiki kazi yako ni kutia alama.

Hatua ya 1: Fungua makabati

Chukua daftari uingie jikoni. Usiandike ukiwa umekaa sebuleni. Anza na kabati la juu, shuka kwenye friji, nenda kwenye kapu la viazi, malizia kule kwenye sabuni na dawa ya mbu. Andika kila ukionacho, hata kama kimejaa. Kisha waulize wa nyumbani kuna nini ambacho huwa kipo na leo hakipo. Kwetu vilipatikana vitu 63, na mimi nilikuwa naapa havizidi 30. Vitu vya harusi na vya Idi viache, vina siku yake.

Hatua ya 2: Andika kipimo cha soko, si cha kitabu

Hapa ndipo orodha nyingi hufia. Mtu ataandika "tungule (nyanya) gramu 500, mchicha gramu 200", akifika sokoni karatasi haimsaidii, maana muuzaji haongei hivyo. Tungule ni kwa kilo au kwa fungu. Mchicha ni fungu. Ndizi za kupika ni chane. Iliki, uzile (bizari nyembamba) na pilipili manga watu huagiza kwa pesa: "nipe za hamsini." Andika vile utakavyotamka mbele ya meza ya muuzaji.

Nazi ni kwa idadi, na idadi yake usiibahatishe, ihesabu kwa vyungu. Kwetu wali wa nazi wa Ijumaa ni nazi mbili, mbaazi za kulia mahamri Jumapili ni moja, samaki wa kupaka moja. Nne kwa wiki. Akija mgeni tano.

Bibi yangu alipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne ni pishi moja, na hakuhitaji mizani. Mimi nimerudi kwenye njia yake: nina kopo moja la kupimia mchele, halibadilishwi. Nililipeleka dukani likiwa limejaa, nikamwomba muuzaji alipime mara moja, nikaandika uzito wake nyuma ya kadi. Tangu hapo nikijua tunapika makopo mangapi kwa siku, najua kilo ngapi kwa wiki. Fanya hivyo kwa mchele, unga na sukari. Vingine havina haja ya hesabu yote hiyo.

Hatua ya 3: Weka namba mbili mbele ya kila kitu

Namba ya kwanza ni "ikibaki": ikifika hapo, inatiwa alama. Chukua kile mnachotumia kati ya soko moja na jingine, ongeza kidogo. Kama mnakula mchele kilo moja kwa siku na soko ni mara moja kwa wiki, ukibaki kilo nane tia alama, usingoje sufuria ikwaruze. Kwa vitu vidogo kama chumvi, kiberiti na majani ya chai kanuni ni fupi: ukifungua pakiti ya mwisho, tia alama hapo hapo.

Namba ya pili ni "isizidi". Wengi huiruka, na hiyo ndiyo iliyonizalia chupa tatu za siki. Siki kwetu isizidi moja. Unga wa ngano usizidi pakiti nne, hata ukiukuta kwa bei ya kutupa, kwa sababu joto na unyevu wa pwani hii huuzalia wadudu kabla hujaumaliza. Mafuta ya kupikia yanavumilia. Sabuni inavumilia zaidi, ya mche hata hukauka ikawa ngumu na isiishe haraka.

Hatua ya 4: Panga kwa njia ya miguu yako

Usipange kwa herufi, A hadi Z. Ukipanga hivyo, bamia watakuwa karibu na betri. Panga kwa jinsi unavyotembea. Mimi huanza na vizito visivyopondeka: mbatata, vitunguu, nazi. Hivyo hukaa chini ya kikapu. Kisha muhogo na ndizi, halafu bamia na biringani, halafu tungule, na juu kabisa mchicha na kotmiri. Samaki ni wa mwisho siku zote. Kwa jua la Mombasa, anayenunua samaki kwanza kisha akaanza kubishana bei ya vitunguu atarudi nyumbani na kitoweo cha paka.

Viungo nimevitenga chini ya mstari, kwa kuwa hivyo navifuata Marikiti, soko la kisiwani, mara moja kwa mwezi. Chini ya mstari wa pili kuna vya duka la mtaani: mkate, maziwa, mayai. Kwa hiyo kadi ni moja ila ina safari tatu ndani yake.

Mstari wa samaki andika "samaki" tu, usiandike changu wala nguru. Msimu wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi havitoki, basi utakula kilichopatikana. Kaskazi ikiingia utachagua.

Hatua ya 5: Iandike safi, uitie plastiki

Nenda saiba, duka la kompyuta, wakupigie chapa kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, pande mbili, kisha waitie plastiki ngumu kama ya kitambulisho. Kama hutaki gharama hiyo, iandike kwa mkono uiingize kwenye mfuko angavu wa kuwekea vyeti. Nunua kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika kwa kitambaa, uifunge kwa uzi kwenye kadi yenyewe. Usipoifunga, watoto wataihamisha siku ya kwanza. Itundike kwenye msumari karibu na jiko, si juu ya jiko.

Hatua ya 6: Anayemaliza ndiye anayetia alama

Si mama, si baba, si dada wa kazi peke yake.

Hatua ya 7: Siku ya soko

Kadi haitoki nyumbani. Ukiitia kikapuni, alama zitafutika kwa kusuguana na mbatata. Ipige picha kwa simu asubuhi ya soko. Ukichelea kutoa simu kwenye msongamano, nakili zile zenye alama tu kwenye kikaratasi, kwa mpangilio ule ule. Haichukui dakika mbili. Beba vikapu vyako, kwani tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, mifuko ya kununua pale pale ni gharama ndogo ndogo zinazojumlika. Ukirudi, panga vitu, vya zamani mbele vipya nyuma, ndipo ufute kadi. Kisichopatikana usikifute.

Maswali ya wanachama

Dada wa Likoni: Shikamoo mzee. Mimi nafanya kazi kisiwani, soko langu ni Marikiti jioni nikitoka, kisha feri. Siwezi kubeba vya wiki nzima mara moja. Kadi itanifaa?

Marahaba mwanangu. Itakufaa zaidi kuliko mimi. Wewe igawe kwa siku badala ya kwa safari. Jumatatu vizito kiasi, nazi na vitunguu. Jumatano viungo. Ijumaa mboga. Weka namba ndogo mbele ya kila kitu: 1 ya Jumatatu, 3 ya Jumatano, 5 ya Ijumaa. Feri kwa mwenye miguu haina nauli, lakini ina kusubiri na ina msukumano, kwa hiyo samaki na mayai usivivushe, vinunue ukishafika ng'ambo. Mchele na unga pia vitafute Likoni kwenu. Hata kama kisiwani ni nafuu kidogo, bega lako nalo lina bei.

Kijana wa Mikindani: Ami, mimi ni kibarua, napata pesa siku kwa siku na nanunua ya kadogo, yaani kidogo kidogo. Hii si kadi ya wenye mshahara?

Swali zuri, na sitakudanganya kwamba utanunua gunia. Ila ya kadogo ndiyo inayokula pesa, piga hesabu uone. Tuseme robo ya sukari unauziwa shilingi 50, na kilo nzima ni 180. Robo nne ni 200. Umelipa 20 zaidi kwa sukari ile ile. Sasa chagua vitu vitatu tu unavyotumia kila siku bila kukosa, labda sukari, mafuta na unga. Siku ukipata kazi nzuri nunua kimoja kati ya hivyo kwa kipimo kikubwa, wiki ijayo kingine. Vingine endelea na kadogo. Kadi yako itakuwa na mistari 12, si 63, na hilo si dosari. Mboga za siku moja wala usizihesabu hasara, mtu asiye na friji hana sababu ya kununua mchicha wa kesho.

Mama wa Bamburi: Kwa nini nisitumie simu moja kwa moja? Mume wangu yuko Mariakani wiki nzima na yeye ndiye hupita sokoni.

Kwa hali yako tumia simu, bibie. Google Keep ina orodha yenye visanduku vya kutia tiki. Mkimaliza unaondoa tiki zote kwa mara moja, orodha inabaki, na nyote wawili mnaiona. Mimi nimebaki na kadi kwa sababu jikoni mwetu wanaomaliza vitu hawana simu: wajukuu, na mama mkwe ambaye simu yake ni ya kupokea tu. Angalia nani anamaliza vitu kwako, uweke orodha mahali mkono wake unapofika.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Na Ramadhani? Kadi yote inavurugika.

Usiivuruge, tengeneza ya pili. Ya Ramadhani kwetu ina tende, tambi, muhogo, unga wa mchele wa vitumbua na mkate wa sinia, manda za sambusa, nyama ya kusaga, iliki maradufu, na nazi zinapanda kutoka nne hadi kumi na mbili kwa wiki. Vile visivyoharibika vianze kutiwa alama mwezi wa Shaabani, kabla bei hazijapanda. Mwezi ukiisha, kabla hujaihifadhi, andika kwa nyuma kilichobaki na kilichopungua. Ila ya matunda usiyaamini sana maandishi ya zamani: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka michache utaikuta kwenye msimu mwingine kabisa, na embe za futari zitakuwa hazipo sokoni.

Baba wa Changamwe: Wiki mbili za mwanzo watoto walitia alama, sasa hawatii. Nifanyeje?

Kwangu pia walichoka. Nilichofanya ni kutonunua. Majani ya chai yaliisha, alama haikuwepo, nikarudi bila majani, tukanywa maji ya tangawizi siku mbili. Mke wangu hakufurahi, na pengine nilizidisha. Ila kalamu ilianza kutembea. Kama wako ni wadogo, wasiojua kusoma, chora: yai, mkate, sabuni. Mjukuu wangu wa miaka mitano anatia alama ya mayai vizuri kuliko wajomba zake.

Bi wa Tudor: Umesema unga usizidi pakiti nne. Wangu hata mbili hupata wadudu. Na vitunguu huchipua.

Unga huenda ulikuja nao tayari. Angalia tarehe kwenye pakiti, na usinunue iliyotoboka. Ukifika nyumbani umimine kwenye ndoo ya kifuniko kinachobana, na usimimine mpya juu ya wa zamani. Umalize, uoshe ndoo, uikaushe juani, ndipo utie mwingine. Vitunguu vitenge na mbatata. Watu huviweka kapu moja, na mbatata zina unyevu unaoviharakisha kuchipua na kuoza. Vitandaze penye upepo, visiwe ndani ya mfuko. Thomu (vitunguu saumu) vivyo hivyo. Kunde na pojo ukiziona zina vitundu, zianike, zipepete, uzipike wiki hiyo hiyo, na kwenye kadi upunguze ile "isizidi" kwa nusu.