Mtupo Huru: Kuhamisha Mawazo ya Mchezaji kutoka Mkononi hadi kwenye Ringi

Kwa miaka mingi nilipofundisha mpira wa kikapu nilikuwa nikimwambia mchezaji anyooshe kiwiko na kukunja kifundo cha mkono, nikiamini kwamba kadiri anavyoufikiria mkono wake ndivyo atakavyoutawala. Nilikosea. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walionyesha, kwa watu waliojifunza kwenye mashine ya kuigiza mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kwamba waliozingatia magurudumu yaliyo chini ya miguu yao walijifunza vizuri kuliko waliozingatia miguu yenyewe. Mwaka 2005 jambo hilo likapimwa katika mtupo huru, yaani mtupo ambao mchezaji hupewa baada ya kufanyiwa madhambi, bila mpinzani kumzuia: wachezaji walilenga kwa usahihi zaidi walipofikiria ringi kuliko walipofikiria kifundo, tena misuli yao ilijikaza kwa kiwango cha chini. Anayeusimamia mwili wake kwa makusudi huuingilia mwendo ambao ungejiendesha wenyewe.

Hatua ya kwanza: andika maelekezo yote unayoyatoa mazoezini, kisha pigia mstari kila neno linalotaja kiungo cha mwili.

Hatua ya pili ndiyo nzito, nayo haifai kuharakishwa. Yageuze maneno hayo yaelekee kwenye mpira au ringi. Badala ya "kunja kifundo", sema "mpira uzunguke kurudi nyuma ukiwa hewani". Badala ya "nyoosha mkono", sema "upitishe mpira juu ya ukingo wa mbele wa ringi". Mkono utanyooka, kwa kuwa mpira hauwezi kupita huko kwa njia nyingine. Mwanafunzi asiyejua kabisa kuushika mpira, mwonyeshe kwa vitendo kabla ya kumpa maneno.

Hatua ya tatu: mpe agizo moja tu kwa kila mtupo. Kutoka mstari ulio mita 4.6 mbele ya ubao hadi ringi yenye kipenyo cha sentimita 45, hakuna nafasi ya mambo matatu kichwani.

Hatua ya nne: atupe mara kumi huku wewe ukinyamaza, kisha umuulize alikuwa akifikiria nini. Usiyaamini macho yake, kwa sababu mtu anaweza kuikodolea ringi ilhali mawazo yamebaki kiwikoni. Akikitaja kiwiko, rudini pamoja kwenye hatua ya pili mtafute neno jingine.